Upande wa Pili

Kisanduku kilichoko chumbani kwa Bibi hakina intaneti, na hiyo ndiyo sababu ya kuwepo kwake. Hakiombi nywila, hakipokei ujumbe, hakijui kama nje kuna dunia. Ni boksi jeusi la chuma, ukubwa wake kama kamusi, na ndani yake mna diski kuu ya terabaiti 1. Nyuma lina matundu mawili, jekundu na jeupe, ya kuchomeka waya unaopeleka sauti kwenye redio kaseti ya zamani ya National. Mbele lina kioo kidogo kinachoonyesha namba na majina mafupi. Ukiliwasha, diski inaanza kuzunguka kwa mlio kama wa nyuki aliye mbali, unasubiri kidogo, kisha taarabu inaanza.

Nililinunua mtumba, Kariakoo, kwa kijana anayeuza spika na rimoti za kila aina. Alipojua kwamba nalitaka kwa ajili ya nyimbo tupu, alinionea huruma. "Dada, hizi zilikuwa za watu wa filamu, zimeshapitwa. Weka nyimbo kwenye flashi, au mnunulie bibi yako simu." Binamu zangu wa Tanga nao waliniambia hivyo hivyo. Wote walikuwa na hoja. Simu inabeba nyimbo nyingi, flashi ni bei ndogo, na taarabu nyingi za zamani zimeshapandishwa YouTube na watu wasiojulikana. Lakini hawakuwepo siku Bibi aliponikabidhi kaseti zake na kunipa sharti lake. "Kazihamishe huko unakojua wewe," aliniambia. "Lakini zirudi humu ndani, na zikirudi zisitoke."

Kaseti zilikuwa 118, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Za dakika 60 zilikuwa 70, za dakika 90 zilikuwa 48. Kwa Tanga hilo si jambo la ajabu. Mji huu ulikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi viwili vya taarabu vilivyoshindana na kusikika pwani nzima. Mombasa nako si mbali, kwa hiyo kaseti za huko ziliingia kwa mabasi, ndani ya mikoba ya akina mama waliotoka harusini. Bibi anazo za Juma Bhalo na za Zuhura Swaleh. Anazo za Culture Musical Club ya Unguja. Anazo alizozirekodi mwenyewe kutoka Radio Tanzania, mtangazaji akikatwa katikati ya neno. Na kati ya hizo 118 zipo 11 ambazo hazikununuliwa dukani wala hazikutoka redioni. Hizo zilirekodiwa kwenye harusi za mtaani kwetu, na watu wa mtaani kwetu.

Kazi ya kuzihamisha ilikula likizo zangu mbili. Haina njia ya mkato. Kaseti ya dakika 90 inataka dakika 90, kwa sababu ni lazima uicheze yote huku kompyuta ikisikiliza, na ukijumlisha kaseti zote unapata saa 142. Nilikuwa na deki ya kuazima, waya, kifaa kidogo cha kugeuza sauti kuwa data, na programu ya Audacity. Kila baada ya kaseti chache nilisafisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba, maana utepe ukipita huacha chembe za kahawia, na kichwa kikichafuka, sauti za juu hufifia: zeze linakuwa kama limefunikwa blanketi. Joto na unyevu wa Tanga vilikuwa vimeshafanya yake. Kaseti nyingine zilikuwa na ukungu mweupe pembeni mwa utepe. Nyingine kile kipande kidogo laini kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa kilikuwa kimebanduka, nikakihamisha kutoka kaseti tupu. Zilizolegea nilizikaza kwa kuzungusha biro kwenye tundu, kama alivyonifundisha baba.

Nilihifadhi kila upande kama faili moja, bila kukatakata nyimbo. Rekodi isiyobanwa, yenye ubora wa CD, hula kama megabaiti 635 kwa saa, na kwa hiyo saa zote 142 zilifika gigabaiti 90 hivi. Kwenye diski ya terabaiti 1 hiyo haifiki sehemu moja ya kumi. Sikuwa na sababu ya kubana kwa MP3, wala sikuondoa mvumo wa utepe, kwa sababu programu inayoondoa mvumo huondoka na kitu kingine pia: pumzi ya mwimbaji, ncha ya uzi wa zeze.

Kisanduku kina tabia zake. Kinapanga mafolda kwa herufi, si kwa hesabu, kwa hiyo mwanzoni baada ya 1 kilikuwa kinacheza 10, halafu 100, halafu 101, na 2 inakuja baada ya 19, kama mgeni aliyechelewa. Nikayaita upya yote: 001, 002, 003. Bibi ana mtoto wa jicho na kioo hakimsaidii, basi nilipaka rangi ya kucha nyekundu kwenye kitufe cha kuanzisha na nyeupe kwenye cha kusimamisha. Vitufe vya namba anavijua kwa kupapasa. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa ameshika namba zote anazozipenda, kama watu wa zamani walivyoshika namba za simu. Ukimkuta amechoka anakwambia, "Niwekee 19," na 19 ni Unguja. Akiwa na hasira na mtu anataka 54.

Namba 73 ilikuwa haiwekwi.

Hiyo ni kaseti ya dakika 90 iliyorekodiwa mwaka 1995, usiku wa harusi ya shangazi yangu mkubwa, uani, kwenye shughuli ya wanawake watupu. Kabla sijaeleza kilichomo, inanipasa nieleze kuhusu tuzo, kwa ajili ya msomaji ambaye hakukulia pwani.

Katika taarabu, msikilizaji anaposimama kwenda kumtunza mwimbaji, hatoi pesa kwa sababu wimbo ni mzuri tu. Anachagua ubeti. Anangoja maneno yake yafike, ananyanyuka, anakwenda kwa madaha huku noti imeinuliwa juu kila mtu aione, na kwa kufanya hivyo anasema: maneno haya ni yangu, na mwenyewe yumo humu ndani. Anaweza kumtazama anayemlenga. Anaweza pia asimtazame, na kutomtazama kukawa kubaya zaidi. Mtunzi ameandika habari za ua au za jahazi, hana kesi. Mwimbaji ameimba alichoandikiwa, hana kesi. Mtoa tuzo hakufungua mdomo, naye hana kesi. Ni kama kanga: maneno yamechapwa kiwandani, wewe umeyanunua tu, lakini siku uliyoyavaa na mlango uliopita mbele yake unaujua. Na miaka ile ya tisini mambo yalikuwa yamechacha. TOT ilikuwa na Khadija Kopa, Muungano ilikuwa na Nasma Khamis, watu walijaa kumbini kusikia nani kampasha nani, na mtaani kila harusi ilitaka iwe na lake.

Bibi na jirani yake walikuwa na lao. Jirani huyo tangu utotoni tunamwita Bibi wa Ng'ambo, kwa kuwa nyumba yake iko ng'ambo ya barabara. Walikuwa wanacheza upatu pamoja, akina mama kadhaa, na Bibi wa Ng'ambo ndiye aliyekuwa kijumbe, mkusanyaji wa pesa. Zamu ya Bibi ilipofika, shilingi 40,000 zake hazikuja. Ikapita wiki, ikapita ya pili, na harusi ya binti yake ilikuwa imekaribia. Sababu za kuchelewa zipo, na kila upande una zake.

Niliisikia 73 kwa mara ya kwanza Dar es Salaam, kwenye chumba changu cha bweni, nikiwa na spika za masikioni. Dakika ya 38 ya upande A, wimbo wa fumbo unafika ubeti wake, na mama mmoja anatangaza kwa kelele kwamba mzazi wa bibi harusi amesimama. Vigelegele. Ubeti unarudiwa. Mzazi wa bibi harusi hakai. Ubeti unarudiwa tena, mara nne kwa jumla, na mara ya nne, karibu sana na redio, sauti ya Bibi akiwa na miaka hamsini hivi inasema neno moja tu: "Kijumbe." Uani wote unacheka. Kicheko hicho ni kirefu. Kisha utepe unaisha, tak, na upande A umekwisha.

Kwa mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu kuhusu tuzo, ile ilikuwa dakika saba za kutafutwa kwa tochi. Vitabu vinaeleza kwamba mtoa tuzo huyageuza maneno ya mtunzi kuwa yake, na hapa palikuwa na mtu akifanya hivyo waziwazi, na pesa mkononi. Msimamizi wangu aliposikia maelezo tu, macho yalimng'aa. Aliniuliza kama ningeweza kuiambatisha sauti yenyewe, na baadaye kuiweka maktabani ili watafiti wengine waisikilize. Lilikuwa ombi la haki. Utafiti ambao ushahidi wake haonekani nao mtu anabaki kuuamini kwa imani tu.

Nikarudi Tanga na fomu ya ridhaa. Bibi aliniacha niisome yote, kipengele kwa kipengele, mpaka pale panaposema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote. Halafu akaniuliza, "Humo kwenye kaseti tuko wangapi?"

Nilikuwa nimejaribu kuhesabu. Sauti zinazotambulika ni kama 20.

"Na waliokufa?"

Nikanyamaza.

"Mjukuu wangu, wale walikuja harusini. Hawakuja kwenye kitabu chako."

Nilikuwa na majibu ya darasani. Majina yangeweza kufichwa, sauti zingeweza kubadilishwa. Lakini Bibi alikuwa anasema jambo jingine. Wanawake wale walivua baibui zao wakacheza kwa sababu walijua walioko pale ni nani na nani, na mlango umefungwa. Utani wao ulikuwa na ukuta. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa ni wao.

Baadaye nilielewa kwamba kaseti nayo ilikuwa na ukuta wake, uliotokana na udhaifu wake. Kuinakili kaseti ya dakika 90 kulitaka redio mbili na saa nzima na nusu ya subira. Nakala ilikuwa na mvumo zaidi ya asili, nakala ya nakala mvumo zaidi, na ukifika ya nne au ya tano maneno yenyewe yanaanza kuzama. Umbea wa kaseti ulichoka kadiri ulivyosafiri. Faili halichoki. Nakala ya elfu ni sawasawa na ya kwanza, na kuituma kwa WhatsApp ni kidole kimoja. Mimi ndiye niliyeivunja ile fito ya mwisho ya ukuta nilipobonyeza kitufe cha kurekodi kwenye Audacity, kwa idhini ya mwenyewe na kwa sharti lake. Ndiyo maana kisanduku kisicho na intaneti hakikuwa ushamba. Kilikuwa chombo cha siku hizi kilichopewa tabia ya zamani: ukitaka kusikia, njoo uketi.

Na watu walikuja. Alhamisi baada ya alasiri, Bibi hutandika mkeka chumbani, anawasha kisanduku, na Bibi wa Ng'ambo anavuka barabara. Ugomvi wao uliisha zamani, mimi sijazaliwa. Bibi wa Ng'ambo ndiye aliyemuuguza Bibi alipovunjika nyonga, akimwogesha na kumpikia uji miezi mitatu. Huja na kazi yake mkononi, mara ukili wa kusuka, mara mchele wa kuchambua. Hawazungumzi sana. Wanasahihishana nani alipiga fidla, nani alikuwa mke wa nani. Mwezi wa Ramadhani kisanduku hufunikwa kitambaa cha mashumu na hakiguswi, na ikifika Idi kinafunuliwa kama mtoto aliyetoka jandoni.

Alhamisi moja ya mwezi wa Septemba nilikuwepo. Wanasikiliza kwa mfuatano siku hizo, kaseti moja au mbili kwa juma, kuanzia 001. Nilikuwa nimekaa kizingitini na kompyuta yangu. Bibi wa Ng'ambo alikuwa na ungo mapajani, anachambua mchele.

"Shoga," alisema bila kuinua uso, "juma lililopita tulimaliza 72."

"Ndiyo."

"Na hii ni 74. Nimeisikia ulivyobonyeza."

Bibi akajifanya kutafuta rimoti, na rimoti ilikuwa mkononi mwake. "Hiyo 73 mbovu."

"Kaseti ndiyo mbovu, au mbovu wewe?"

Nilikaza macho kwenye kompyuta. Feni ilizunguka. Kisha nikasikia Bibi akicheka kwa pua, kicheko kifupi cha mtu aliyeshikwa, na mlio wa vitufe vitatu: sifuri, saba, tatu.

Tukasikiliza upande A wote. Dakika 38 ni nyingi ukijua kinachokuja. Bibi wa Ng'ambo aliendelea na mchele wake, chuya huku, mawe kule. Ubeti ulipofika aliuimba kidogo, taratibu, kama mtu anayepima sauti. Ubeti ukarudi. Ukarudi. Lilipotoka lile neno, mkono wake ulisimama juu ya ungo, na uani mzima wa mwaka 1995 ukamcheka tena chumbani, kwa ubora wa CD. Mkono ukaendelea. Tak. Kimya cha sekunde moja, ambacho ni kisanduku kikivuka kutoka faili la A kwenda la B, kisha wimbo mwingine kabisa ukaanza katikati, watu wakiwa wameshachangamka kwa jambo jingine.

"Imeishia hapo?" aliniuliza mimi.

"Ndiyo, Bibi."

"Haina mahali pengine?"

"Hakuna, Bibi. Pale upande wa kwanza umekwisha, huu ni wa pili."

Akaweka ungo chini. "Basi mmerekodi mashtaka, hukumu mmeiacha."

Hapo ndipo niliposikia yaliyobaki. Alisema kwamba uani ulipocheka, alinyanyuka. Hakuondoka, kama wengi walivyotegemea. Alikwenda mbele kwa mwimbaji, akamtuza noti moja ili ubeti ule ule urudiwe mara ya tano, na uliporudiwa alimgeukia Bibi. Pesa zilikuwa kwenye pindo la kanga. Alikuwa amezipata jioni ile ile, kwa kuuza bangili. Akazihesabu mbele ya watu, noti moja baada ya nyingine, akizipanga kwenye kiganja cha Bibi kwa mapigo ya ngoma, mpaka zikatimia shilingi 40,000. Kisha akacheza kurudi mahali pake, akaketi. Mama yangu mkubwa mmoja alipiga kigelegele peke yake, na baada yake uani wote.

"Akaninyang'anya ubeti," Bibi alisema. "Wangu mwenyewe, niliolipia mara nne."

"Mwenye kovu usidhani kapoa," alijibu mwenzake.

"Lakini noti mbili zilikuwa zimechanika."

"Zilichanika mkononi mwako, kwa kuzibana."

Jioni ile nilimpigia simu shangazi yangu mdogo, ambaye mwaka 1995 alikuwa msichana wa miaka 14 na ndiye aliyekabidhiwa redio. Alikumbuka vizuri. Aliambiwa kitufe kikiruka ageuze kaseti. Lakini waliposikia honi nje, watoto wote walikimbia kutazama gari la bwana harusi, na yeye ni mtoto. Aliporudi, kitufe kilikuwa kimesharuka. Akageuza, akabonyeza, akaketi tena. Alikaa nje muda gani? Hajui. Alichojua ni kwamba hakuulizwa na mtu.

Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande. Hilo nililijua tangu mwanzo, nimeliandika hata kwenye jedwali la tasnifu. Lakini kujua urefu wa utepe ni jambo moja, na kuona maisha ya mtu yakiangukia kwenye ukingo wake ni jambo jingine. Si la kaseti peke yake. Siti binti Saad aliposafirishwa hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, sahani za santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kila upande. Taarabu ya barazani, inayokwenda robo saa na zaidi kwa sababu watu wanatunza na ubeti unarudiwa, ililazimika kuingia humo. Tunazo sahani na tunashukuru. Hatuna waliosimama kumtunza. Shaaban Robert, mtu wa Tanga hii hii, alipoandika wasifu wake, alikuwa anafanya kwa maneno kazi ambayo sahani haikuiweza: kueleza mwimbaji alikuwa nani kwa watu waliokuwa wamekaa mbele yake.

Kilichonishughulisha zaidi ni hiki. Kama ningeiambatisha 73, ingekuwa ushahidi safi kabisa. Mtafiti wa mwaka 2060 angeisikiliza na kuandika kwamba kijumbe alidhalilishwa na kunyamaza. Angekuwa na sauti, tarehe, mahali, na ridhaa iliyotiwa saini na upande mmoja. Kila alichokisikia kingekuwa kweli.

Tasnifu imeshakwenda kwa msimamizi. Sauti haimo. Kuna sura moja inayoeleza tuzo mbili kwa ubeti mmoja, ya mashtaka na ya malipo, na jinsi ubeti unavyoweza kuhama mikono kwa bei ya noti moja. Imeelezwa kwamba nusu ya kwanza imetoka kwenye rekodi ambayo haitatolewa, na nusu ya pili imetoka kwa msimuliaji. Msimamizi alihoji hilo, kama ilivyo kazi yake, tukajadiliana saa nzima, na mwishowe akaniambia niongeze kurasa tatu za kuitetea njia hiyo. Nimeziongeza. Simulizi hii nayo ina ruhusa ya wote wawili, kwa masharti: majina yasitajwe, na wimbo usitajwe, kwa sababu atakayeujua wimbo atauliza, na atakayeuliza ataambiwa.

Diski ina maisha yake pia, na haitoi taarifa kabla ya kufa. Kwa hiyo zipo nakala nyingine mbili: moja imo ndani ya sanduku lile lile la bati pamoja na kaseti zenyewe, nyingine ninayo mimi, imefungwa kwa nywila. Bibi amesema atakapokuwa hayupo, 73 ni ya Bibi wa Ng'ambo, aamue yeye. Bibi wa Ng'ambo amesema yeye ndiye mkubwa, atatangulia. Wameliacha hapo.

Nilijitolea kumrekodi Bibi wa Ng'ambo akisimulia sehemu yake, ili kwenye folda 073, baada ya A, pawe na faili lake kabla ya B. Simu ilikuwa mkononi, kazi ya dakika tano. Alikataa.

"Ukinirekodi, nitakuwa nimeisimulia mara moja tu."

Kwa hiyo wamejitengenezea utaratibu. Namba 73 siku hizi inawekwa kama nyingine, na wakati mwingine huwa na wageni, wajukuu wa nyumba zote mbili, mkekani. Upande A unapokwisha, Bibi wa Ng'ambo anachukua rimoti, anapapasa kitufe chenye rangi nyeupe, na kisanduku kinasimama. Anasimulia. Anaonyesha kwa mkono jinsi alivyozihesabu. Akimaliza anabonyeza chekundu, na harusi inaendelea na upande wa pili.

Mara ya mwisho nilipokwenda, pesa zilikuwa zimefika shilingi 60,000. Nilimtazama Bibi. Alikuwa anatazama ukutani, na hakumsahihisha.